Msumeno Upi kwa Gitaa Lako? Kabla Hujakata, Ongea na Mwenzako!

Umewahi kugombana na mwenzi wako kwa sababu ya mbao? Wee acha tu! Sisi tulinuniana siku tatu.

Baba mkwe, Mungu amrehemu, alituachia mbao mbili za mninga nyumbani kwake Mbegani. Ni mbili kwa nane, ndefu futi 12 kila moja, kavu kabisa. Tulikubaliana zitakuwa kitanda cha mtoto wetu wa kwanza. Nikiwa na mimba ya miezi sita, mume wangu akaja na jipya.

“Mke wangu, hizi mbao nataka nichongee gitaa la umeme.”

“Gitaa? Na mtoto atalala wapi, kwenye nyuzi?”

Nilipopoa, tulichukua futi kamba tukapima. Gitaa la umeme huwa na mwili wa mbao nzima, unene wa milimita 45 hivi. Mbao moja haitoshi upana, kwa hiyo unaunganisha vipande viwili ubavu kwa ubavu kwa gundi. Kipande cha futi 1 na inchi 8 kutoka kila mbao kinatosha, na zinazobaki ni za kitanda. Kumbe ugomvi wetu haukuwa wa mbao! Hofu yangu ilikuwa moja tu: akikosea kukata atarudi kuomba kipande kingine, na kitanda ndiyo basi tena.

Kwa hiyo swali likawa: msumeno upi?

Wenzetu walianzaje?

Usidhani hizi ni ndoto za watu wasio na kazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 Mmarekani Les Paul alichukua boriti ya mbao, akaifunga nyuzi na kinasa sauti, kisha akapasua gitaa la kawaida na kubandika mbavu zake pembeni ili lifanane na gitaa. Mwaka 1963 kijana Brian May, ambaye baadaye alipiga gitaa katika bendi ya Queen, alianza kutengeneza lake pamoja na baba yake. Shingo yake ilitoka kwenye mbao kuukuu za mahali pa moto.

Na hapa Bagamoyo, nani asiyemjua marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki 2003? Ilimba na zeze alizopiga hazikutoka kiwandani. Zimechongwa kwa mikono.

Haya, tuangalie misumeno

*Msumeno wa mkono.* Rahisi, hauhitaji umeme, na kwa mistari iliyonyooka hauna mpinzani. Lakini gitaa lina viuno! Bapa lake pana haliwezi kukata kona. Utumie kukata vipande vyako viwili, basi.

*Msumeno wa upinde.* Bledi yake nyembamba inageuka vizuri kwenye kona. Tatizo ni kwamba mninga wa milimita 45 utakutoa jasho, na upinde wenyewe hukwama kwenye ukingo wa mbao kabla hujafika mbali. Mtihani wa subira.

*Jigsoo.* Huu ni ule wa umeme wa kushika mkononi, bledi yake hupanda na kushuka. Ndio vijana wengi hukimbilia. Chagua bledi ndefu ya mbao, yenye meno makubwa yaliyoachana, kwani meno madogo huziba vumbi na kuunguza mbao. Ila kuna noma moja: kwenye mbao nene bledi hupinda kwa chini. Tulijaribu kwanza kwenye kipande cha paini. Juu ulikuwa mkato safi kabisa, lakini tulipogeuza, bledi ilikuwa imeingia ndani ya mstari milimita 4. Mume wangu alinyamaza kimya. Ingekuwa ndiyo mninga wa baba yake, je?

*Msumeno wa mkanda.* Ni mashine inayosimama, bledi yake ni mkanda unaozunguka. Huo ndio mfalme wa kazi hii. Mkanda mwembamba wa milimita 6 hadi 10 unapita kwenye viuno, na ukiwa umekazwa vizuri, mkato wa chini unafanana na wa juu. Lakini kununua mashine nzima kwa gitaa moja? Hapana jamani. Nenda kwenye karakana yenye mashine hiyo, mlipe fundi kwa kazi.

Somo kutoka ufukweni

Kabla ya kuamua tulipita kwa mzee mmoja anayeunda majahazi. Tulimpa shikamoo, tukamweleza. Alicheka kidogo, kisha akatuonyesha mbao aliyokuwa anakata: msumeno ulipita nje ya mstari, ndani hakugusa. Kilichobaki ni kazi ya tezo na randa. Ukikata pungufu, huwezi kurudisha.

Kwa hiyo nasi tulifuata hatua hizi:

- Chora umbo kwenye plaiwudi kwanza, likate, liwe patani yako.
- Kwenye kona kali toboa tundu kwa drili ili bledi ipate pa kugeukia.
- Kata mikato mifupi kutoka ukingoni hadi karibu na mstari, mabaki yadondoke kidogo kidogo.
- Baki milimita 2 au 3 nje ya mstari. Malizia kwa tupa na msasa.
- Kaza mbao kwa jiliwa. Vidole havioti tena!
- Vaa miwani na barakoa. Vumbi la mninga huwasha pua na kifua. Mama mjamzito, kaa mbali.

Siku ya kukata nilikaa nje ya karakana, roho mkononi. Dakika chache tu mume wangu akatoka na umbo mikononi, vumbi mpaka kwenye kope. Halikuwa na kosa. Jumamosi iliyofuata, kabla hajagusa tena gitaa lake, alianza kuchonga miguu ya kitanda. Hakuambiwa na mtu.

Leo mtoto analala kwenye mninga wa babu yake, na gitaa la mninga huohuo linaning'inia ukutani juu yake.

Je, mwenzi wako ana ndoto gani uliyoiita upuuzi? Kabla ya kusema hapana, chukueni futi kamba mpime pamoja. Huenda mbao zinatosha.