Mishipa ya Damu Huanza Kuzeeka Ndani ya Seli

Presha ikipanda uzeeni, wengi wetu hutafuta sababu kwenye chumvi, unene na mawazo. Sababu hizo ni za kweli. Lakini madhara yake huishia mahali padogo sana: katika mitokondria za seli zilizotandazwa upande wa ndani wa mshipa wa damu.

Tandiko hilo huitwa endotheli, na unene wake ni seli moja tu. Mwaka 1980, Robert Furchgott wa New York alionyesha kwamba likikwanguliwa, mshipa hushindwa kutanuka hata ukipewa asetilikolini, kemikali ambayo kwa kawaida huutanua. Baadaye ikabainika kuwa endotheli hutoa gesi ya oksidi ya nitriki, ambayo hulegeza misuli ya mshipa ili damu ipite kwa urahisi. Ugunduzi huo ulimpatia Furchgott, pamoja na Louis Ignarro na Ferid Murad, Tuzo ya Nobel ya mwaka 1998.

Shuleni tulifundishwa kuwa mitokondria huipatia seli nishati. Kwenye msuli wa moyo ndivyo ilivyo, nazo hujaza karibu theluthi moja ya seli. Katika endotheli ni chache, takriban asilimia 2 hadi 6 ya ujazo, kwa sababu seli hizi hupata sehemu kubwa ya nishati kwa kuvunja glukosi bila kutumia oksijeni. Hapa kazi yake kuu ni kupeleka ishara: hupokea na kuachia kalsiamu, huhisi oksijeni ikipungua, na hutoa kidogo supaoksidi, aina ya oksijeni kali ambayo seli huitumia kama ujumbe.

Umri unapoenda, mitokondria chakavu huondolewa polepole na supaoksidi huzidi. Hapo ndipo mshipa unapodhurika. Supaoksidi hukutana na oksidi ya nitriki kabla haijafika kwenye misuli na kuigeuza kuwa peroksinitraiti, kemikali kali inayoharibu kemikali saidizi inayotegemewa na kimeng'enya cha kutengeneza oksidi hiyo. Kimeng'enya nacho huanza kutoa supaoksidi, na hali huzidi kujichochea. Mshipa hukakamaa, chembe sahani hunata, na kolesteroli hupenya ukutani. Mwisho wake unaweza kuwa kiharusi au shambulio la moyo.

Kwa mwenye kisukari haya huja mapema. Seli za endotheli hazina uwezo mzuri wa kujizuia zisipokee glukosi inapojaa kwenye damu. Mwaka 2000, kundi la Michael Brownlee huko New York lilionyesha kuwa glukosi hiyo huzifanya mitokondria kumwaga supaoksidi kwa wingi. Ndiyo maana sukari isiyodhibitiwa huharibu macho, figo na miguu, viungo vinavyotegemea sana mishipa midogo.

Je, tumeze vitamini ili kupunguza supaoksidi? Utafiti wa HOPE, uliotolewa mwaka 2000, uliwapa vitamini E maelfu ya watu waliokuwa hatarini kupata maradhi ya moyo, na haikuwakinga. Mwaka 2018, watafiti wa Boulder, Colorado, walijaribu MitoQ, kiambata kilichoundwa kiingie ndani ya mitokondria. Wazee 20 walikitumia kwa wiki sita, na uwezo wa mshipa wa mkono kutanuka ukaongezeka kwa asilimia 42. Ni matokeo ya kutia moyo, ila hayathibitishi kuwa kiambata hicho huzuia kiharusi.

Njia yenye ushahidi mzito zaidi ni mazoezi. Mwaka 1967, mtafiti John Holloszy alionyesha kwamba panya waliozoeshwa kukimbia waliongeza uwezo wa mitokondria za misuli yao. Kwenye mishipa, damu inayokwenda kasi huisugua endotheli na kuichochea itoe oksidi ya nitriki zaidi.

Kwa hiyo tembea kwa mwendo wa haraka karibu kila siku, acha sigara, na pima presha na sukari hata kama hujisikii mgonjwa, kwa maana endotheli inayoharibika haiumi. Ukiwa umeandikiwa dawa, zimeze bila kuruka. Kila kiwango cha sukari na presha unachokishusha leo kinazipunguzia mzigo seli ambazo uhai wa mshipa unazitegemea.