Kajitafakari, Lakini kwa Swali Gani?

Tunapomwambia mtu aliyekosa akajitafakari, tunaamini kwamba akitulia na kujitazama ataona yaliyokuwamo moyoni mwake tangu mwanzo. Imani hiyo ina mizizi mirefu katika dini zetu. Mwanachuoni wa Kiislamu Ghazali aliitengea nafasi kubwa hesabu ya nafsi katika kitabu chake Ihya, na Mkatoliki huchunguza dhamiri yake kabla ya kuungama. Lakini moyo ukihojiwa hubadilika, na unaelekea wapi hutegemea swali uliloulizwa.

Mwaka 1977 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Richard Nisbett na Timothy Wilson, walieleza jaribio lililofanyika dukani. Wateja walipangiwa jozi nne za soksi ndefu za nailoni, wakaombwa kuchagua iliyo bora. Zote zilikuwa sawa kabisa, ila ya mwisho upande wa kulia ndiyo iliyochaguliwa zaidi. Walipoulizwa sababu, walisifia ubora wa soksi. Hakuna aliyetaja mahali zilipowekwa. Hawakudanganya. Waliulizwa kwa nini, na akili ikawatafutia jibu lenye kuingia akilini.

Mwaka 1993 Wilson na wenzake waliwapa wanafunzi picha za ukutani, kila mmoja achague moja aende nayo nyumbani. Baadhi waliandika kwanza sababu za kupenda au kutopenda kila picha. Wengine walichagua bila kuandika sababu hizo. Wiki chache baadaye, walioandika sababu hawakuridhika na picha zao kama wenzao. Walikuwa wamefuata sababu zilizo rahisi kutamka, wakaiacha picha ambayo wangeipenda kwa muda mrefu.

Kwa picha, hasara ni ndogo. Kwa watu, ni kubwa. Mtu aliyezozana na nduguye juu ya kiwanja cha marehemu baba yao, akakesha akijiuliza "Kwa nini ananichukia?", hakosi majibu. Atakumbuka harusi ambayo nduguye hakuchangia, simu ambayo hakupokea, salamu aliyoitikia kwa mkato. Kukipambazuka, hasira ya jana imekwisha kuwa imani. Mwanasaikolojia Susan Nolen-Hoeksema alionyesha madhara ya mazoea kama hayo baada ya tetemeko la California la 1989: wanafunzi waliokuwa na mazoea ya kurudiarudia huzuni zao walionyesha dalili nyingi zaidi za sonona wiki saba baadaye.

Kuna njia nyingine. Mwaka 1986 watafiti James Pennebaker na Sandra Beall waliwaomba wanafunzi waandike kuhusu jambo lililowaumiza sana, dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo. Walioandika tukio pamoja na hisia zao waliumia zaidi siku zile, lakini katika miezi sita iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache zaidi kuliko walioandika mambo ya kawaida. Masimulizi yana mwanzo na mwisho, kinyongo hakina.

Kwa hiyo tusimwache mtu peke yake na "kwa nini". Tumuulize ni nini hasa kilitokea, alihisi nini, nduguye angesimuliaje kisa hichohicho, na sasa atafanya nini. Kisha jibu lake alipeleke kwa mtu anayemfahamu na asiyeogopa kumpinga. Kujihoji bila shahidi wa pili hutupa uhakika upesi kuliko ukweli, na uhakika wa namna hiyo umezitenga familia nyingi.