Je, Wajua? Wimbo wa Ligi ya Mabingwa Haukuuzwa Madukani

Mashabiki wa Utange, Kisauni, wanaujua wimbo wa Ligi ya Mabingwa Ulaya kabla hata wachezaji hawajajipanga uwanjani. Kuipata rekodi yake ya asili ndiyo kazi.

Mwingereza Tony Britten aliutunga mwaka 1992, akiegemea “Zadok the Priest” ya Handel, muziki wa kutawazwa Mfalme George wa Pili mwaka 1727. Okestra ya Royal Philharmonic iliupiga. Kwaya ya Academy of St Martin in the Fields ikauimba kwa Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani.

Rekodi hiyo haikutolewa kuuzwa, kwa hiyo baadhi ya rekodi zinazorushwa kwenye simu zimepigwa na wanamuziki wengine.

Wimbo kamili una beti mbili na kiitikio, takriban dakika tatu. Runinga hurusha kipande tu.