Unataka Kuomoka na Mashine ya Kutafuta Dhahabu Jangwani? Soma Hii Kwanza

Lazima hiyo vidio imekupata pia. Msee amejifunga kilemba, jua linawaka, jangwa kila upande. Anapitisha kitu kama sahani iliyofungwa kwa fimbo juu ya mchanga. Mashine inalia wiiii! Anachimba kidogo, anapuliza vumbi, na hapo kwa kiganja kuna donge la manjano. Muziki unaingia, likes zinamiminika.

Wiki mbili zilizopita cuzo wangu alinitumia hiyo vidio na voice note ya dakika nne. Form yake ilikuwa hivi: auze nduthi, mimi na beshte yake tuongezee, tununue hiyo mashine, tupande north. "Buda, dhahabu imelala tu hapo chini. Inangoja mtu ako na mashine."

Mimi niliacha chuo katikati, kwa hivyo sina cheti cha kumtisha nacho. Lakini kazi yangu ni kusoma vitu mtandaoni kutwa nzima, nikaona heri nichimbe hii stori kabla yeye achimbe shimo. Hii ndiyo nilipata.

Mashine inanusa nini haswa?

Wacha tuanze na jambo moja: hakuna mashine ya kutafuta dhahabu. Kuna mashine ya kutafuta metali, basi. Tuiite ditekta.

Ile sahani ya chini ina waya uliozungushwa ndani. Umeme ukipita hapo, sumaku inashuka ardhini. Ikigonga kitu cha metali, kile kitu nacho kinaanza kuzungusha umeme kidogo ndani yake na kurudisha sumaku yake. Mashine inasikia hiyo jibu na inakulilia kwa masikio.

Sasa shida ni kwamba msumari pia hujibu. Kifuniko cha soda pia. Ganda la risasi pia. Hata mawe yenye chuma kingi hujibu, na udongo mwekundu unaweza kufanya mashine ya bei rahisi ipige kelele mpaka uizime. Ndiyo maana zile kali hutuma umeme kwa mapigo, zinyamaze kidogo, halafu zisikilize. Hapo zinaweza kupuuza makelele ya udongo na kuskia kitu cha maana.

Kitu kingine vidio hazisemi ni kina. Donge la gramu moja, usitarajie kuliskia likiwa limezama zaidi ya shibiri moja hivi. Kubwa ndio husikika chini zaidi. Na kama dhahabu yako ni ya unga, ile ya kuosha na karai mtoni, mashine itapita juu yake kimya kama hakuna kitu.

By the way, hizi mashine zilizoea jangwa kabla ya dhahabu. Mwaka wa 1942, kwa vita vya El Alamein kule Misri, wanajeshi wa Uingereza walitumia ditekta iliyobuniwa na afisa Mpolandi, Józef Kosacki, kutafuta mabomu yaliyofukiwa mchangani.

Mbona jangwa?

Dhahabu nyingi huzaliwa ndani ya miamba, kwenye mistari ya mawe meupe magumu. Jua, upepo na mafuriko ya zamani huvunja hiyo miamba kwa maelfu na maelfu ya miaka. Mawe mepesi yanabebwa. Dhahabu haibebeki rahisi, ni nzito mara 19 kushinda maji, na haipati kutu. Kwa hivyo inabaki karibu na pale ilianguka, ama inajificha kwa mikondo ya mito iliyokauka.

Jangwani hakuna nyasi wala miti ya kukuzuia kupitisha sahani chini kabisa. Tena hakuna maji ya kuosha mchanga, kwa hivyo mashine ndiyo inabaki njia.

Na kuna watu wameomoka, siwezi kukudanganya. Mwaka wa 1980 kule Victoria, Australia, mtu na ditekta alipata donge la kilo 27, liliitwa Hand of Faith. Machi 2023, huko huko Victoria, mwingine alipeleka kwa duka jiwe la kilo 4.6, kumbe ndani kulikuwa na kilo 2.6 za dhahabu. Na alitumia mashine ya bei ya chini.

Lakini cheki: Victoria imekuwa ikitoa dhahabu tangu miaka ya 1850. Mashine ilisaidia, ila ni ardhi ilikuwa nayo.

Nani alikula Sahara?

Sudan ndiyo stori kubwa karibu nasi. Julai 2011 Sudan Kusini ilijitenga na ikaenda na karibu robo tatu ya mafuta. Khartoum ikabaki inatafuta dola, na jangwa la kaskazini, upande wa Abu Hamad na Berber, lilikuwa limeanza kujaa vijana wenye ditekta. Kutoka hapo homa ikasambaa: Tibesti kule Chad, Djado kule Niger mwaka wa 2014, Mauritania 2016.

Unajua nani alitengeneza doo bila kuchomeka na jua? Wauza mashine. Minelab, kampuni ya Australia, iliuza ditekta nyingi sana Afrika. Halafu feki zikaingia. Kampuni mama, Codan, ilisema kompyuta ya mfanyakazi wao ilidukuliwa akiwa safarini China, michoro ikaibiwa. Walishtuka mashine iliporudishwa kutengenezwa, kufungua wakakuta vyuma vya ndani si vyao. Soko la Afrika likajaa kopi, na Codan wakalazimika kupunguza bei.

Hebu fikiria mwenye aliuza ng'ombe kununua hiyo kopi.

Sasa hesabu. Mashine kubwa ya ukweli kama GPZ 7000 imekuwa ikiuzwa zaidi ya dola 7,000. Hiyo ni kama laki tisa, pesa ya Vitz. Oktoba 2025 dhahabu ilipita dola 4,000 kwa aunsi, na aunsi ni gramu 31.1. Kwa hiyo bei gramu ni kama KSh 16,500. Unahitaji karibu gramu 55 kurudisha pesa ya mashine peke yake. Bado gari, mafuta, maji, chakula, na broker ambaye hatakulipa bei ya dunia hata siku moja.

Pale panapolia, bunduki hufika

Hii ndiyo sehemu ilinifanya nimpigie cuzo simu usiku.

Jebel Amir, Darfur Kaskazini: dhahabu ilipatikana 2012. Januari 2013 makabila mawili yalikuwa yanapigana juu yake, watu wengi wakauawa na wengine maelfu wakahama. Mwaka huo huo shimo lilianguka na kufunika zaidi ya watu 60. Miaka iliyofuata RSF ikashika hiyo milima, na leo dhahabu ni moja ya vitu vinalisha vita vya Sudan vilivyoanza Aprili 2023.

Kouri Bougoudi, Chad, karibu na mpaka wa Libya: Mei 2022 takriban watu 100 waliuawa. Waziri wa ulinzi alisema yote ilianza na ugomvi wa watu wawili. Wawili tu!

Mashine inapolia hadharani, kila mtu ameskia. Wewe uko na jembe, mwingine ako na AK.

Na hapa Kenya?

Usidhani ni mambo ya mbali. Machi 2024 serikali ilifunga migodi ya Hillo, Dabel, kule Moyale, baada ya watu kuuawa. Na kisheria, Sheria ya Madini ya 2016 inasema madini yakiwa ardhini ni ya Jamhuri. Haijalishi shamba ni la guka yako. Kuchimba kama mchimbaji mdogo unahitaji kibali, na kinaombwa kwa ofisi ya madini ya kaunti. Ukienda na ditekta tu na imani, karao wana haki ya kukushika, na wenyeji wana haki ya kukuuliza umetumwa na nani.

Kabla utume hata bob

Mtu akikuuzia hii form, muulize maswali manne. Hapo mahali pamewahi kutoa madonge, ama unga tu? Mashine imejaribiwa mbele yako, kipande kidogo cha dhahabu kikiwa kimefukiwa? Kibali kiko kwa jina la nani? Na tukipata, nani ananunua na kwa bei gani? Akianza kusema "wewe niamini tu," kumbuka uko Nairobi, mji ambapo watu wameuziwa shaba iliyopakwa rangi ndani ya nyumba za Kileleshwa.

Cuzo aliskiza yote. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza, "Sasa yule wa vidio alipataje?"

Nikamwambia labda alipata kweli. Lakini hakuna mtu hupost zile siku mia mbili za misumari.

Nduthi bado iko. Jana alinitumia picha ameibadilisha tairi ya nyuma. Hajafuta ile vidio, lakini.