Sailensa Ikiwa Juu Asubuhi, Usikimbilie Skrubu

Kama unaishi kwa mjomba au shangazi na kazi yako ya kila asubuhi ni kuwasha gari, makala hii ni yako.

Nasoma uhandisi mwaka wa 3 hapa Mbeya. Julai iliyopita gari la mjomba, dogo la Kijapani la miaka ya 1990, lilianza kunguruma. Ukiliwasha alfajiri, mshale unapanda hadi mizunguko 2,000 kwa dakika na haushuki hata baada ya robo saa. Mjomba akaita fundi. Fundi akakaza skrubu moja, kelele zikapungua. "Sailensa imekaa sawa," akasema, akachukua elfu 15 zake. Sailensa kwa mafundi wetu ni mwendo wa injini gari likiwa limesimama na hujakanyaga mafuta.

Siku 4 baadaye tulikuwa tunapanda mlima wa kuelekea Chunya, tunamrudisha bibi nyumbani. Injini ikachemka. Bibi alikaa juu ya jiwe masaa mawili kwenye upepo ule, hakulalamika hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Gasketi ya silinda hedi ilikuwa imeungua. Pesa ya matengenezo ilitoka kwenye fungu la ada yangu. Na mimi, mtu wa uhandisi, nilikuwa sijawahi hata kufungua boneti.

Basi nikaanza kujifunza.

Kwanza, sailensa kuwa juu asubuhi siyo ugonjwa peke yake. Petroli ikiwa ya baridi haigeuki mvuke vizuri, na oili inakuwa nzito. Ili injini isizime, inaongezewa mafuta na hewa. Magari mengi ya petroli huanza kwenye mizunguko 1,200 hadi 1,800, kisha hushuka polepole hadi 700 au 850 hivi injini ikipata moto. Usidhani ni mambo ya baridi ya Mbeya tu. Hata Dar kwenye nyuzi 28, kwa injini inayofanya kazi kwenye nyuzi 90 hivi, hiyo bado ni baridi.

Kwa hiyo swali la kujiuliza si "iko juu?" bali "inashuka?"

Kwenye gari la mjomba kuna kijilango cha hewa chenye nta ndani yake. Maji ya rejeta yakipata moto yanapita hapo, nta inavimba, kijilango kinafungwa, sailensa inashuka. Maji yakipungua, moto haufiki kwenye nta na kijilango kinabaki wazi. Hicho ndicho kilichotupata: mpira mmoja ulikuwa unavuja taratibu. Mshale wa joto nao ulikaa katikati siku zote, kwa sababu sensa yake husoma vizuri ikiwa imezama kwenye maji. Sailensa ndiyo pekee iliyotuambia ukweli, na sisi tukainyamazisha kwa skrubu.

Magari mapya hayana nta. Sensa ya joto inaiambia kompyuta, na kompyuta ndiyo inayopunguza hewa. Njia tofauti, lakini ukaguzi unafanana. Mimi sasa naufuata hivi:

1. Maji. Angalia kabla ya kuwasha, injini ikiwa baridi. Usifungue kamwe rejeta ya moto, itakuunguza uso. Maji yakiwa yamepungua, usiishie kuongeza, tafuta yanakotokea.

2. Mipira ya hewa. Washa, sikiliza kama kuna mluzi. Mpira uliopasuka unavuta hewa ya ziada. Ukiubana na sailensa ikashuka, umekaribia jibu.

3. Waya wa mafuta, kwa gari lenye waya. Ukikazwa mno, ni kama mtu amekanyaga kidogo muda wote.

4. Sensa ya joto. Ikidanganya kwamba injini bado baridi, kompyuta inaendelea kumimina mafuta. Utaona gari linakunywa kuliko kawaida na moshi unanuka petroli.

5. Uchafu kwenye mlango wa hewa. Masizi yakijaa, mlango haufungi sawasawa. Unasafishwa.

Skrubu inakuja mwisho, baada ya yote haya kuwa sawa.

Simlaumu sana fundi. Tulimwita aondoe kelele, akaondoa kelele. Hatukumuuliza kelele inatoka wapi. Ukienda kwa fundi wako, mwambie hivi: "Ikiwa baridi inasimama kwenye ngapi, ikipata moto inasimama kwenye ngapi, na inachukua dakika ngapi." Maneno hayo matatu yatakuokolea pesa.

Siku hizi nikimwamkia mjomba asubuhi, kabla hata ya kuitikia marahaba vizuri ananiuliza, "Mjomba, maji umeangalia?" Nimeangalia.