Je, Wajua? Shambulio la Moyo: Nyumbani au Hospitali?

Je, wajua kwamba Rais Dwight Eisenhower wa Marekani aliposhikwa na maumivu ya kifua usiku wa kuamkia Septemba 24, 1955, nyumbani kwa mama mkwe wake huko Denver, hakukimbizwa hospitali? Daktari wake, Howard Snyder, alimchoma sindano ya mofini akamwacha alale. Waandishi wa habari waliambiwa ni tumbo tu. Mchana wake kipimo cha umeme wa moyo ndicho kilichofichua ukweli. Alipona, na mwaka uliofuata akachaguliwa tena.

Je, wajua kwamba enzi hizo tiba kuu ilikuwa kulala tu? Mgonjwa alilazwa wiki nne hadi sita. Mwaka 1952 Samuel Levine na Bernard Lown wa Boston walithubutu kuwakalisha wagonjwa kwenye kiti, na wakaendelea vizuri.

Je, wajua kwamba Uingereza iliwahi kupiga kura nani atibiwe wapi? Hospitali zilikuwa zimeanza kufungua vitengo maalumu vya moyo, vyenye mashine za kufuatilia mapigo na za kuushtua moyo uliosimama. Dakta H. G. Mather wa Bristol akataka ushahidi. Wanaume 450 wenye umri chini ya miaka 70 waligawanywa kwa bahati nasibu. Baada ya siku 28, waliofariki walikuwa asilimia 12 kwa waliouguzwa nyumbani, na asilimia 14 kwa waliolazwa. Tofauti hiyo ni ndogo mno kumpa yeyote ushindi.

Je, wajua kwamba Archie Cochrane, mtafiti aliyeufuatilia kwa karibu utafiti huo, aliwatega wenzake? Matokeo ya awali yalipoonyesha vifo vimezidi kidogo hospitalini, aliandaa ripoti mbili: moja ya kweli, nyingine yenye tarakimu zilizogeuzwa. Akaanza na ile iliyogeuzwa. Mabingwa wa moyo wakaja juu: utafiti usimamishwe mara moja, kuwaacha watu nyumbani ni kukiuka maadili! Akawaacha waseme mpaka wakamaliza, kisha akawaonyesha tarakimu za kweli na kuwauliza kama sasa vitengo vyao vifungwe. Kimya. Namheshimu sana kwa hilo, maana tarakimu zilezile zinapaswa kupimwa kwa mizani ileile.

Lakini asikudanganye mtu kwamba utafiti ule unakuruhusu kubaki kitandani leo. Wagonjwa wengi hawakuingizwa kwenye kura ile, na hospitali yenyewe haikuwa bado na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwenye mshipa wa moyo.

Je, wajua ni lini mambo yalibadilika? Mwaka 1986 watafiti wa Italia, kwa wagonjwa zaidi ya 11,000, walionyesha kuwa streptokinasi, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, hupunguza vifo. Mwaka 1988 utafiti mwingine, wa watu 17,187, ukaonyesha kuwa hata aspirini, kidonge cha bei ya chini kabisa, huokoa maisha.

Je, wajua kwamba si kila shambulio huja na kifua kubana? Wanawake, wazee na wenye kisukari huweza kupata kichefuchefu, jasho jembamba, kuishiwa pumzi au maumivu ya taya tu.

Na je, wajua kwamba nyumbani palirudi tena kwenye utafiti? Katika eneo la Grampian, Uskoti, madaktari wa familia walibeba dawa ya kuyeyusha damu na kuichoma mgonjwa akiwa kwake, kisha akapelekwa hospitali. Nyumbani sindano ilichomwa takriban dakika 101 tangu maumivu kuanza. Waliosubiri hadi hospitali, 240. Baada ya miezi mitatu walikuwa wamefariki asilimia 8 ya kundi la kwanza, na asilimia 15.5 ya kundi la pili.