Damu Kwanza: Utangulizi wa Elimu ya Homa ya Ini Aina ya C kwa Walio Wawili

Wanaoingia kwenye elimu hii kwa kupangiwa somo chuoni ni wachache. Wengi huletwa na karatasi ya maabara. Mtu alikwenda kuchangia damu, au kupima afya ili apate kazi nchi za Ghuba, akarudi nyumbani na jina la ugonjwa ambao hajawahi kuusikia. Hana homa, macho yake hayana umanjano, chakula kinapita vizuri. Lakini usiku halali, kwa maana maswali ni mawili: nitaishi mpaka lini, na je, mwenzangu nimeshamwambukiza?

Utangulizi huu nimewaandikia yeye, mwenza wake, na muuguzi atakayeketi nao. Nina hoja moja kubwa, nayo naitanguliza. Sisi wa Afrika Mashariki habari za virusi tumezisoma katika darasa la UKIMWI. Ni darasa lililookoa maisha ya watu wengi, na sina neno baya juu yake. Tatizo ni kwamba mafunzo yake, yakichukuliwa mazimamazima na kupachikwa kwenye homa ya ini C, yanatufanya tulinde mlango usiovunjwa na kuuacha wazi ule unaovunjwa. Nimekutana na wanandoa walioacha kulala pamoja na kutenga vikombe, huku wembe mmoja ukiendelea kutumiwa na wote wawili bafuni. Ugonjwa huu unakaa katika damu, na huko ndiko unakopaswa kutafutwa.

Historia yake yenyewe ni ya damu. Katika miaka ya 1970, Harvey Alter na wenzake walikuwa wakifuatilia wagonjwa waliotiwa damu huko Marekani, wakaona kwamba wapo waliougua ini ingawa vipimo vya aina ya A na B havikuonyesha kitu. Kwa zaidi ya miaka kumi ugonjwa ukawa hauna jina lake, unaitwa tu “si A wala si B”. Mwaka 1989 Michael Houghton, Qui-Lim Choo, George Kuo na wenzao wakakinasa kirusi chenyewe kwa kufuata vipande vya vinasaba vyake. Mwaka 1997 Charles Rice akathibitisha kuwa kirusi hicho peke yake kinatosha kuleta ugonjwa. Tuzo ya Nobel ya mwaka 2020 ilikwenda kwa Alter, Houghton na Rice. Choo na Kuo hawakuwamo, kwani kanuni za tuzo hiyo haziruhusu zaidi ya watu watatu. Houghton alikuwa ameshaikataa tuzo nyingine kubwa mwaka 2013 kwa sababu hao wenzake wawili waliachwa, jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa ni uungwana.

Anayetaka kuona damu inavyosafiri aitazame Misri. Kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, serikali iliwachoma wananchi sindano za kutibu kichocho, kijiji kwa kijiji. Nia ilikuwa njema kabisa, lakini sindano zilikuwa za kioo, zilirudiwa kutumika, na hazikuchemshwa ipasavyo. Kichocho kikapungua, na Misri ikabaki miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi duniani na homa ya ini C. Wazee wale hawakufanya uzinzi wala hawakutumia dawa za kulevya. Walipanga foleni, wakakunja mkono wa shati.

Sasa tuje kwenye kipimo, kwa sababu hapo ndipo watu wengi hupotea. Kipimo cha haraka ni kipande cha plastiki kinachofanana na kile cha malaria, na damu yake huchukuliwa kidoleni. Pembeni kina herufi mbili, C na T. Mgonjwa akiona mstari umetokea mbele ya C, moyo humruka, akidhani ndiyo hiyo “aina ya C” iliyojitokeza. Sivyo. Mstari wa C hutokea kwa kila mtu, ukionyesha kuwa kipimo kimefanya kazi. Wa kutazamwa ni ule wa T. Na hata ukitokea, kilichoonekana ni kingamwili, yaani alama kwamba mwili uliwahi kukutana na kirusi. Kati ya watu 100 wanaoambukizwa, takriban 30 hukifukuza wenyewe ndani ya miezi sita bila dawa yoyote, na kingamwili zao hubaki. Kwa hiyo kinahitajika kipimo cha pili, cha kutafuta RNA, yaani vinasaba vya kirusi chenyewe. Mashine ya GeneXpert, ileile inayotumika kupima kifua kikuu, inaweza kukifanya ikiwekewa katriji yake. Asiyepimwa RNA hajaambiwa kama anaumwa. Namwomba kila muuguzi akiandike kipimo hicho kabla hajaanza kutoa ushauri wa ndoa.

Na ushauri wa ndoa unahitaji uangalifu. Mume anauliza, “Daktari, basi mimi nihamie chumba cha watoto?” Mke anamgusa mkono, “Baba watoto, hebu tumsikilize kwanza.” Jibu linalostahili kutolewa hapo lina msingi. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti uliofanyika California kwa wanandoa 500 wa mume na mke, kila jozi mmoja akiwa na kirusi hiki, na wengi wao wakiwa wameishi pamoja miaka mingi. Watafiti walilinganisha vinasaba vya virusi vya wenza walioambukizwa, wakapata jozi tatu tu ambazo virusi vyake vilifanana kiasi cha kudhaniwa kuwa mmoja alimwambukiza mwenzake. Walikadiria kwamba hatari hiyo, kwa kiwango chake cha juu kabisa, ni maambukizi mamoja kwa takriban matendo ya ndoa 190,000. Kwa wanandoa wa namna hiyo, walio waaminifu na wasio na VVU, wataalamu hawawalazimishi kubadili maisha yao ya kitandani. Wanaotaka kutumia kondomu mpaka tiba iishe watumie kwa amani, ni haki yao.

Hatari hupanda pale damu inapoingia katika tendo: wakati wa hedhi, penye vidonda au magonjwa ya zinaa, katika ngono ya njia ya haja kubwa, na pale mmoja anapokuwa na VVU. Hapo kondomu ni ya lazima, na tusizungukezunguke kulisema. Kubusu, kukumbatia, kula sahani moja, kukohoa na choo cha pamoja havimo katika orodha hii.

Twende bafuni. Wembe, mashine ya kunyolea, mswaki na kikata kucha ndivyo vya kutenganishwa, kila mtu na chake, na mahali pake. Kirusi hiki kinaweza kuishi nje ya mwili kwa wiki kadhaa katika damu iliyokauka, hata tone lisiloonekana kwa macho. Damu ikidondoka sakafuni, vaa glavu, changanya sehemu moja ya jiki kwa sehemu tisa za maji, mwaga juu yake, acha kidogo, kisha futa. Kidonda kifunikwe. Na ukitoka nyumbani, uangalifu huohuo uende nawe kwa kinyozi, kwa anayetoboa masikio, kwa mchora tatoo, kwa mganga anayechanja chale. Uliza wembe mpya, uone ukifunguliwa mbele yako.

Mwenza apimwe mara moja. Akikutwa nacho, nasisitiza: hakuna kipimo cha hospitali kinachoweza kusema kirusi kiliingia lini, wala kupitia kwa nani. Mtu hukaa nacho miaka 20 bila dalili. Huenda kila mmoja alikipata kivyake, kwa sindano ya utotoni au damu aliyotiwa zamani. Nimeona majibu haya yakigeuzwa ushahidi wa uzinzi mbele ya wazee wa familia. Kisayansi ushahidi huo haupo, na wazee wanapaswa kuelezwa hivyo.

Kuhusu watoto: kati ya kina mama 100 wajawazito walio na kirusi katika damu, takriban sita huwaambukiza watoto wao. Kujifungua kwa upasuaji hakupunguzi hatari hiyo. Kunyonyesha kunaruhusiwa, isipokuwa chuchu zikipasuka na kutoa damu, hapo mama asubiri zipone. Afadhali mwanamke atibiwe kabla ya kushika mimba.

Tiba ndiyo inayonifanya niandike kwa matumaini. Tofauti na VVU, kirusi hiki hakijichomeki katika vinasaba vyetu. Wala hakijifichi ndani ya kiini cha seli kama kile cha aina ya B. Kinazaliana nje ya kiini, na kikizuiwa kuzaliana kinakwisha. Vidonge kama sofosbuvir na daclatasvir, kwa kawaida wiki 12, huponya zaidi ya watu 95 kati ya 100. Kuponya, si kutuliza. Na aliyepona hana cha kumwambukiza mwenza wake, kwa hiyo dozi iliyomalizika ni kinga bora ya ndoa kuliko vyumba viwili.

Sofosbuvir ilipoingia sokoni Marekani mwishoni mwa 2013, dozi nzima iliuzwa dola 84,000, aibu ambayo haijasahaulika. Dawa zilezile zilipoanza kutengenezwa na viwanda vingine, bei ilishuka hadi chini ya dola 100 katika baadhi ya nchi. Misri ikawapima zaidi ya watu wazima milioni 49 kati ya 2018 na 2019, ikawatibu waliokutwa nacho, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likaitambua kwa mafanikio hayo. Rwanda nayo ilitangaza mwaka 2018 mpango wa kuutokomeza ugonjwa huu. Umaskini, basi, si sababu ya kutosha ya nchi kutowatibu watu wake.

Kabla ya kidonge cha kwanza, daktari apime pia homa ya ini B, kwa kuwa iliyolala inaweza kuamka C inapotibiwa. Asiye na B apate chanjo yake. Chanjo ya C haijapatikana. Mwambie daktari dawa zote unazotumia, hasa rifampicin ya kifua kikuu, ambayo huipunguzia sofosbuvir nguvu, na miti shamba, ambayo mingine huumiza ini. Pombe iachwe. Ini nalo lipimwe kiwango cha makovu: kati ya 100 wanaobaki na kirusi bila tiba, 15 hadi 30 hupata sirosisi, yaani makovu mazito ya ini, ndani ya miaka 20, na aliyefika huko hupimwa saratani ya ini kila miezi sita hata baada ya kupona.

Kuna kundi jingine lisilopaswa kusahaulika. Mwanzo wa 2011 Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa methadoni, dawa ya kuwasaidia watumiaji wa heroini kuacha, na Hospitali ya Mathari ya Nairobi ikafuata. Nalitaja hili kwa makusudi, kwani ugonjwa huu kwetu umejaa zaidi miongoni mwa wanaojidunga, na mwandishi anayewaruka ameandika nusu ya habari. Kwa wenza wanaojidunga pamoja, kinga ni kila mmoja kuwa na bomba lake, sindano yake, kijiko chake, pamba yake na maji yake. Nao watibiwe kama wengine, bila kuwekewa sharti la kuacha kwanza. Anayepona anaweza kuambukizwa tena, maana kingamwili hazimlindi.

Hizo kingamwili hubaki maisha yote, na kipimo cha haraka kitaendelea kuonyesha mstari wa T hata kwa aliyepona. Kupona huthibitishwa kwa RNA, wiki 12 baada ya kidonge cha mwisho. Karatasi ya majibu hayo itunze vizuri, maana mwajiri anaweza kuiulizia.

Kama umepewa majibu wiki hii, rudi kliniki ukaulize: “Nimepimwa kingamwili, au RNA?” Nenda na mwenzako, naye apimwe. Kisha mnunue nyembe zenu, kila mtu pakiti yake.